Mguu wa Mama Mkwe Kwenye Breki

Asubuhi ile gari lilikuwa uani, pua imebonyea, na mke wangu alikuwa chumbani akivuja damu, mimba yake ya kwanza ikiwa bado haijatimia. Katikati nilisimama mimi, karani wa reli, mikono mitupu, na swali moja tu kichwani: hili gari litatufikisha hospitali, au litatuulia njiani?

Sikuwa fundi. Niseme hilo mapema, maana kuna watu wakisikia ulifanya kazi reli wanadhani unaweza kufungua injini macho yakiwa yamefumbwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika mabehewa: limetoka wapi, limebeba nini, linakwenda wapi. Nilijua uzito wa shaba iliyomo ndani ya behewa, ila jinsi behewa linavyozuiwa lisikimbie, hilo waliachiwa wengine. Na gari lenyewe nilikuwa nimelipata kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akikimbilia Rhodesia kwa pupa, mji ulipoanza kunuka baruti. Nililipenda mno. Mke wangu alikuwa akinitania kwamba nalipangusa vumbi mara nyingi kuliko ninavyompangusa yeye machozi.

Jana yake, nikirudi nyumbani Makomeno, lori la majandarme, askari wa serikali ya Katanga, lilikuja katikati ya barabara kana kwamba barabara waliizaa wao. Nilikata usukani. Gari likaruka mfereji, likaenda kukigonga kichuguu. Mtu asiyeijua Katanga atacheka: kichuguu ni udongo wa mchwa tu! Basi aje akigonge. Kichuguu cha kwetu kinazidi nyumba kwa urefu, na ugumu wake ni wa ukuta wa matofali. Upande wote wa kushoto mbele ulikunjika. Injini ikakubali kuwaka, nikajikongoja polepole hadi nyumbani, barabara tambarare, tupu, bila kuhitaji kusimama popote. Uani nilizima injini, gari likajiendea lenyewe mpaka likaegemea ua. Nikaingia ndani nikisema mambo ya gari yatangoja vita viishe.

Vita havikuisha, damu ikaanza.

Hapakuwa na mwingine wa kutusaidia. Majirani zetu waliotoka Kasai kama sisi, ambao majandarme walikuwa wakiwawinda, walikuwa wamekwisha hamia kambi ya wakimbizi nje ya mji, chini ya askari wa kimataifa wa kofia za buluu; sisi tulikuwa tumebaki tukisema mtoto azaliwe kwanza. Wengine walijifungia ndani. Simu ya ofisini ilikuwa imekufa tangu risasi zilipoanza kupigwa upande wa Luano, kwenye uwanja wa ndege. Fundi wa mtaa alikuwa amekwenda zake Kasumbalesa na vyombo vyake vyote. Nilikuwa na kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli, lakini mwanamke anayetoka damu namna ile humpakii nyuma ya kinga.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya pili ya reli. Ili uifikie ni lazima ushuke mteremko unaopita chini ya reli, na katikati ya mteremko huo majandarme walikuwa wameweka bariere, kizuizi cha mapipa na gogo. Sheria ya bariere kila mtu aliijua: gari lisiposimama, linapigwa risasi, maswali baadaye. Gari la mfanyabiashara mmoja lilikuwa bado limeachwa pale kando, vioo vimetobolewa. Kwa hiyo shida yangu haikuwa kama gari litakwenda. Shida ilikuwa kama litasimama.

Hapa lazima nimweleze mama mkwe, la sivyo hutaelewa kitu.

Alikuwa amehamia kwetu tangu nyumba yake ya Katuba iporwe. Sasa, kwetu sisi Baluba, mwanamume na mama wa mkewe ni buko, na buko hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja. Si uadui, ni heshima, tena heshima nzito inayochosha mgongo. Jaribu kuishika katika nyumba ya vyumba viwili! Nilikohoa kabla ya kuingia kwangu mwenyewe. Nilipopita ukumbini, yeye aligeukia ukuta na kujifunika uso kwa kitenge. Akitaka kwenda uani na mimi niko uani, alipiga sufuria kwa kijiko, nami nikajificha nyuma ya gari langu kama mwizi. Maneno yetu yote yalipita kwa mke wangu. Nikisema, "Mwambie mama chumvi imezidi," yeye humgeukia mama yake na kusema, "Anasema umepika muzuri sana." Alikuwa mchokozi, mke wangu. Miaka yote ya ndoa yetu sikujua ni maneno yangu mangapi yalifika.

Asubuhi ile pia alitupitishia maneno, akiwa amelala kitandani chini ya dirisha, sauti ikitoka nje uani.

"Mama anauliza, motokari itatembea?"

"Umwambie angoje kiloko, naiangalia."

Nikachuchumaa. Kulikuwa na unyevu chini ya pua. Nikachovya kidole: maji yenye kutu. Rejeta ilikuwa imepasuka ufa mwembamba. Hilo nililiweza, nilikuwa nimewaona madereva wakifanya: nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikakisugua kwenye ufa mpaka ukaziba, nikajaza maji. Bati la juu ya gurudumu lilikuwa limelala juu ya mpira. Nikalichomekea mtalimbo wa kuchimbia mashimo, nikalivuta kwa nguvu zote hadi likaachia. Nikageuza usukani huku na huku. Wenyewe ulikaa upande, lakini magurudumu yalitii.

"Mama anauliza, unafanya nini saa yote?"

"Umwambie naomba Mungu!" nikafoka. Nikasikia ndani anamwambia, "Anasema ni karibu kwisha."

Kisha nikaingia, nikakanyaga breki. Pedali ikazama hadi sakafuni, laini, kama mguu unaoingia matopeni. Moyo wangu ukazama nayo. Nikaikanyaga upesiupesi, ikapanda kidogo. Nikaishikilia, ikazama tena. Mafuta ya breki yalikuwa yakitoka mahali. Lakini wapi? Chini ya gari lile kila kitu kilikuwa na mafuta, mapya na ya zamani ya yule Mbelgiji. Ili kupaona, mmoja akanyage na mwingine alale chini achungulie. Mtu mmoja hawezi. Mungu alitunyima urefu huo. Njia ya kutibu niliijua, niliwahi kuiona ikifanywa kando ya barabara ya Likasi: unaukunja mpira unaopeleka mafuta kwenye gurudumu lililoumia, unaufunga kwa waya, basi mafuta yanabaki kwa magurudumu matatu mengine. Lakini kwanza ujue ni gurudumu gani.

"Kunakosa muntu wa kukanyaga freni," nikasema, sikumwambia yeyote.

"Nakuya miye," mke wangu akajibu dirishani.

"Hapana! Lala!"

Nikasikia kitanda kikilia. Halafu kishindo. Halafu mama yake akiita jina lake, akirudia. Nikakimbilia mlangoni, nikasimama pale pale kwenye kizingiti, maana mama mkwe alikuwa ndani na sikuwa nimekohoa. Wallahi, mke wangu anakufa na mimi nimesimama mlangoni nakohoa! Hata leo nikikumbuka nashindwa kuamua nicheke au nilie. Tukampandisha kitandani sote wawili, yeye kichwa, mimi miguu, bila kutazamana. Midomo yake ilikuwa imepauka. Aliona, alipumua, lakini hakusema tena.

Nikarudi uani. "Umwambie mama..." nikaanza, kwa mazoea. Dirisha likanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa hali yetu ilivyo. Nyumba ilikuwa na watu wazima wawili wenye nguvu, na hatukuwa na namna ya kusemezana.

Mama mkwe akatoka.

Alikuwa mwanamke mfupi, miguu mitupu, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu anayekwenda shamba. Alikuja amejifunika uso, akafika kwenye mlango wa gari, akasimama. Kisha akautoa mkono na kitambaa kikaanguka. Sikuwahi kuuona uso wake mzima. Ulikuwa uso wa mke wangu, umezeeka tu.

"Buko," akasema. "Nikanyage wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akapanda, akaketi kwenye kiti cha dereva. Na mimi nikalala chali udongoni, nikajisukuma kwa visigino mpaka kichwa changu kikawa chini ya kiti alichokalia mama wa mke wangu. Wazee wetu walitunga faini kwa kijana aliyemgusa mkwewe bega kwa bahati mbaya. Hili la kulala chini yake, naamini halikuwahi kumwingia yeyote akilini. Nilisikia aibu ikinichoma masikio, na juu ya aibu hofu, na hofu ikashinda.

"Kanyaga, mama."

Akakanyaga. Mafuta yakaruka yakanipiga shavuni. Gurudumu la kushoto mbele, palepale kichuguu kilipotugonga: mpira ulikuwa umechanika karibu na mwisho wake. Nikaukunja juu ya jeraha, nikaufunga kwa waya, nikaukaza kwa koleo mpaka vidole vikachubuka.

"Kanyaga tena. Inabaki juu?"

"Inashuka."

Nikakaza zaidi. "Na sasa?"

"Inashuka. Polepole, lakini inashuka."

"Uangalie muzuri!" nikapiga kelele toka chini. Nilitaka aseme inabaki. Nilimtaka aniambie uongo niupende. "Inabaki ao haibaki?"

"Buko, nakuambia kile muguu yangu iko inasikia. Ukikanyaga mara mingi-mingi, inakuwa nguvu. Ukiiacha, inaenda. Mi nikikudanganya, nadanganya mutoto yangu, sababu njo yeye atakuwa mu ndani."

Nikatoka chini ya gari, nikakaa udongoni. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa, nakiri. Nikamweleza, uso kwa uso, kama wanavyosema watu wa kawaida: kwenye tambarare litasimama. Kwenye mteremko, sijui. Na bariere iko kwenye mteremko. Tukibaki, atakwisha damu hapa. Tukienda na gari lisisimame, watatupiga risasi sote.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Wagon ya reli, ikiwa mu mutelemuko, munaisimamishaka na nini?"

"Kipande cha mubao. Chini ya gurudumu."

Alikwenda jikoni nyuma ya nyumba, akarudi na gogo alilokuwa akipasulia kuni, amelikumbatia kifuani. "Pa mutelemuko miye nitashuka," akasema. "Nitatembea mbele. Weye utakuya pole-pole nyuma yangu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Tulimbeba mke wangu na godoro lake, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake, tukaondoka.

Barabara zilikuwa tupu. Nilikwenda kwa gia ya kwanza, injini ikilalamika, na kila nilipojaribu breki gari lilivutia kulia, maana kushoto hapakuwa na kitu tena. Mvuke ulianza kutoka mbele. Sabuni ilikuwa ikijitahidi, maskini. Nyuma mama mkwe alikuwa akimsemesha mwanawe bila kupumzika, na mimi nikisikia kimya cha mke wangu kati ya sentensi na sentensi.

Kabla ya mteremko nikafaulu kusimama. Mama mkwe akashuka, akakiweka kichwa cha mwanawe vizuri juu ya furushi, akajitwika gogo begani na kwenda mbele. Nikamfuata, mguu wangu ukipiga pedali, piga, piga, piga. Niliona bariere, mapipa, majandarme wakiinuka. Niliona bunduki zikinyanyuliwa. Naye akaanza kukimbia kushuka, mkono mmoja juu, akipaza sauti:

"Haina freni! Ba baba, musipige! Haina freni! Mugonjwa iko mu ndani!"

Gari likashika kasi. Si kasi ya kusema, lakini lilikuwa limeanza kujiamulia. Nikapiga pedali, ikapanda, ikazama. Yeye alikuwa mbele yangu kabisa.

"Mama, toka!" nikapiga kelele. "Toka mbele!"

"Kanyaga, buko! Kanyaga!"

"Toka, itakuponda!"

Na hapo, nyuma yangu, nikasikia sauti ndogo, ya mtu anayeamka usingizini. Ilikuwa na kicheko ndani yake.

"Ah," mke wangu akasema. "Sasa munasemeshana."

Mama mkwe aliinama, akalitupa gogo chini ya gurudumu la kulia, akaruka kando. Gari likapanda juu ya gogo, likatetemeka, injini ikazimika. Lilisimama karibu na pipa la kwanza kiasi cha mtu kupenya kwa ubavu.

Jandarme mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akaja amenielekezea bunduki. Akamtazama mama mkwe. "Munatoka wapi? Ku Kasai?" Tulikuwa tumeona watu wakifa kwa jibu la swali hilo. Mama mkwe alikuwa akihema, magoti yote mavumbi.

"Natoka ku mutoto yangu," akasema. "Angalia."

Yule mtu akachungulia nyuma. Akaona godoro. Sijui alikumbuka nini, au nani. Aliikalisha bunduki mgongoni, akaliondoa gogo la bariere kwa mikono yake, akawaita wenzake, na wanne wao wakalishika gari kwa mbele, wakalizuia kwa mabega wakati mimi nalitelemsha chini ya reli mpaka kwenye tambarare. Watu walewale jana yake wangeweza kutuua, na kesho yake pia.

Tulifika. Gari lilitufikisha, na hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko yote, maana njia nzima nilikuwa nimejiandaa kuzilaumu breki. Walimchukua mke wangu kwa haraka, walifanya walichoweza na madawa waliyokuwa nayo siku zile. Mtoto hakulia. Mama yake, mke wangu, akamfuata adhuhuri. Mtawa alipotoka kutuambia alikuwa akituangalia kwa zamu, hajui amwambie nani kwanza, na sisi tulikuwa tumesimama bega kwa bega ukutani bila kujua tangu lini. Nikatoka nje nikalipiga gari teke mpaka mguu ukavimba. Nililia kama mtoto, mbele ya watu, na sikuona haya.

Baada ya kumzika tulihamia kambini, kwenye mahema, mimi na mama mkwe, na watu wa kwetu wakatupokea kwa matanga. Habari za gari zilikuwa zimetutangulia. Siku chache baadaye wajomba wa ukoo wake wakaniita. Waliongea kwa upole, sina neno nao. Walisema wanajua ilikuwa vita, lakini buko ni buko: kijana ameongea na mkwewe, amelala chini yake, amempigia kelele, amemtazama usoni. Haiwezi kuachwa wazi hivyo. Inatakiwa mbuzi. Mbuzi akiliwa, kosa limefunikwa, na kila mmoja anarudi mahali pake.

Nilikubali. Nilitaka kufanya angalau jambo moja lililo sahihi. Lakini kambini mbuzi alikuwa adimu kuliko dhahabu, na sikuwa na kitu ila gari. Nikampata mtu aliyetaka kuihamishia familia yake Rhodesia. Nilimwambia wazi kwamba breki hazipo, nikamwonyesha waya. Alisema atatengeneza. Akachukua gari, nikachukua mbuzi, wakanicheka kambi nzima: kijana amebadilisha motokari kwa mbuzi!

Wajomba walikaa upande mmoja. Mama mkwe aliketi upande wa pili, amewageuzia mgongo, uso umefunikwa, kama inavyotakiwa. Nikamkabidhi mjomba mkubwa kamba ya mbuzi. Akaanza kusema maneno yanayosemwa, kwamba mnyama huyu anafunga kinywa kilichofunguka.

"Hapana," mama mkwe akasema.

Aligeuka, akakishusha kitenge, akanitazama mimi, si wao.

"Murudishe ile mbuzi. Ikifunga kinywa ya huyu, nani ataniambia mutoto yangu alikuwa namna gani mu nyumba yake? Alikuwa anacheka juu ya nini? Alikuwa anakudanganya nini juu yangu? Buko, uniambie. Ni weye tu njo uko unajua."

Mjomba mkubwa aliniangalia, kisha akaangalia kamba mkononi mwake. Nikakaa chini mkekani mbele ya mama mkwe, nikaanza na habari ya chumvi.